Nimemuona Kaliua fundi aliyetoweka Mwanga mwaka 2011. Nimwambie nani?

#1 Mgebuka Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Mimi ni mtu wa Kigoma mjini, nauza dagaa. Nachukua viroba Kibirizi, napanda treni, nashuka Kaliua, nazunguka minada ya huko mpaka Ulyankulu. Mzigo ukiisha narudi na asali. Huu ni mwaka wa sita.

Mwaka 2011 hapa kwetu Mwanga (Mwanga ya Kigoma, wa Kilimanjaro msije mkachanganyikiwa) kulikuwa na fundi cherehani, tumwite Baba Zuhura. Mtu wa sare za shule. Ikifika Januari, akina mama walikuwa wanapanga foleni barazani kwake hadi barabarani. Alhamisi moja ya Januari hiyo, saa nne asubuhi, alisimama akamwambia kijana wake, "Naenda kununua vifungo." Hakurudi.

Kwenye cherehani aliacha sketi ya marinda, marinda yameshonwa upande mmoja, sindano imezama kwenye kitambaa. Simu juu ya meza. Kadi ya kura kwenye droo. Hela za wateja kwenye kopo, kamili. Kilichokosekana ni mkasi wake tu, ule mkubwa wa mpini mweusi.

Alitafutwa. Polisi, hospitali, misikitini kukatangazwa, watu wakavuka ziwa hadi Kalemie na Uvira, Kongo. Hakuna.

Sasa Jumamosi iliyopita niko mnadani, kijiji kimoja cha wilaya ya Kaliua (sitakitaja), suruali ikachanika nikiteremsha kiroba. Nikaelekezwa kwa fundi chini ya mwembe. Namkuta mzee kapinda shingo, kama anaisikiliza mashine inamnong'oneza. Wakuu, Baba Zuhura alishona hivyo hivyo. Na uzi hakuwa anaukata kwa mkasi, aliukata kwa jino la pembeni, kushoto. Huyu naye vile vile. Nikasema taratibu, "Baba Zuhura." Hakugeuka. Ila mguu ulisimama kwenye pedali. Halafu ukaendelea. Akamaliza, akataja mia tano, akaniambia, "Karibu tena mgeni." Pale wanamwita jina jingine kabisa.

Maswali mawili. Kwanza, nimwambie nani, au nifunge mdomo? Pili, mtu mwenye kazi, mke, watoto na heshima yake mtaani anaachaje vyote akaanze moja mahali ambapo treni inafika usiku mmoja tu?

#2 Dogo wa Gungu
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga zangu.

#3 Sina Haraka
Fundi kupotea na nguo za watu tumezoea. Huyu kapotea kaziacha. Hapo kuna jambo.

#4 Kamanda Uvinza
Madeni, hakuna kingine. Mikopo ya kausha damu imehamisha wanaume wengi kuliko vita. Mtu anaamka alfajiri, anawaza wale mabinti wa marejesho watakuja saa tatu, anavaa viatu. Nimeshuhudia kwa jirani yangu, kaacha hadi mbuzi.

#5 Mama Lishe Mwandiga
Kamanda, hilo jina kausha damu ni la juzi juzi. 2011 sisi tulikuwa na upatu na vikoba, na kama ulikuwa unadaiwa walikufuata watu unaowajua kwa majina. Halafu soma vizuri. Hela kwenye kopo ziko kamili. Mwenye deni anakimbia akaacha kopo?

#6 Bangwe Asilia
Kisa hiki nakikumbuka, nilikuwa kidato cha pili. Mtaani walisema alipanda meli ya Liemba siku hiyo hiyo, akashuka huko kusini akaingia Zambia.

#7 Mzee wa Urambo
Dogo namba 2, karanga umezitaja mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliacha kwao wakaja hapa Urambo na matrekta, walime karanga za kutoa mafuta ya kupeleka kwao. Miaka michache tu wakakusanya virago. Kuhamia mahali usipopajua, ardhi nayo ina maoni yake.

#8 Nahodha Mstaafu
Bangwe Asilia, hapana. Liemba miaka ile ilikuwa inang'oa nanga Jumatano saa kumi jioni, kila baada ya wiki mbili. Mleta uzi kasema Alhamisi saa nne asubuhi. Siku hiyo, kama wiki ilikuwa ya safari, meli ilishakuwa mbali inateremsha watu kwa mitumbwi kwenye vijiji vya Mahale. Alhamisi ukitaka kuondoka Kigoma ulikuwa na basi, boti za Kibirizi, au miguu yako.

Na kwa kuwa meli imetajwa niseme kidogo. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi, wakitegemea watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

#9 Dogo wa Gungu
Mzee akianza Liemba hamalizi 😂 Ila kuna kitu umeruka: ilipozama ilikuwa inaitwa Graf von Götzen. Ilipoibuka ikaitwa Liemba. Kwa hiyo hata meli yetu ilibadili jina ikaanza maisha mapya, na hakuna aliyeiuliza mke wake yuko wapi.

#10 Mjukuu wa Manamba
Mgebuka, asante kwa uzi. Swali lako la pili nina jibu la nyumbani: sisi Waha kuondoka ni mila.

Babu yangu mzaa baba aliandikishwa Kasulu mwaka 1952, kwenda mkonge Tanga. Kulikuwa na chombo cha wenye mashamba, SILABU, kazi yake kukusanya watu. Mnapandishwa treni Kigoma, kila mmoja na namba yake, ndiyo maana ya manamba. Mkataba ukiisha unarudi na baiskeli, blanketi na shati jipya. Wenzake walirudi. Babu hakurudi. Bibi hakuolewa tena, kila treni ikipiga honi anasema "labda". Mwaka 1998 baba akafunga safari hadi Korogwe. Akakuta kaburi moja na ndugu sita wasiojua Kiha hata salamu. Wanafanana naye hadi masikio. Walimchinjia kuku, wakalia pamoja, akarudi. Bibi alipoambiwa aliuliza jambo moja tu: "Huko alikuwa anakula mawese?"

#11 Nahodha Mstaafu
Pole kwa bibi. Ila usiite mila. Mkoloni alitaka kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na Kigoma hakukuachwa zao la maana la kuleta hiyo fedha, ilifanywa ghala la vibarua. Mtu alienda kutafuta kodi. Ukishamfukuza mtu kwa kodi miaka 40 halafu wajukuu wanaita mila, aliyemfukuza anafurahi sana kaburini.

#12 Mtemi wa Mitaani
Mwadila. Mkizungumzia kuondoka mtuheshimu Wanyamwezi, tumeanza kabla ya reli. Pembe begani, Tabora hadi Bagamoyo, miezi mitatu hivi kwa miguu. Wapo waliofika pwani wakaiangalia bahari, wakaona nyumbani si lazima. Sasa huyo fundi wenu kaondoka Kigoma kaja Tabora. Mimi simlaumu hata kidogo. Kaja kwenye maembe.

#13 Binti Ulyankulu
Naomba niseme kitu, na sina ugomvi na mtu. Mnataja "kuacha kila kitu" kama nguo ya sikukuu. Kwetu si hadithi ya kufikirisha.

Bibi na babu walitoka Burundi 1972, usiku. Wakaletwa Ulyankulu, wengine Katumba, wengine Mishamo. Msitu mtupu, mbung'o, wakapewa jembe na panga. Bibi hakuwahi kuililia nyumba. Aliililia jiwe la kusagia. Alisema nyumba utajenga, lakini jiwe lile lilikuwa limeshauzoea mkono wa mama yake, na la Ulyankulu lilimtoa malengelenge mwaka mzima. Mwaka 2014, miaka 42 baadaye, ndipo watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo wakapewa uraia wa Tanzania. Bibi alipata cheti chake, akakikunja akakiweka kwenye kopo la chumvi. Hadi leo kipo kinanuka chumvi.

Kwa hiyo huyo baba aliyekuwa na nyumba, na mke, na foleni ya wateja, akaondoka kwa miguu yake bila mtu kumfukuza, mimi nashindwa kumuonea huruma. Nisameheni.

#14 Kamanda Uvinza
Dada, ile kauli yangu ya vita namba 4 naifuta. Nilisema kijinga.

#15 Binti Ulyankulu
Imeisha kaka. Uvinza mna chumvi, mtuletee, kopo la bibi linapungua.

#16 Jicho la Tatu
Watu mnazunguka. Sindano imezama kwenye kitambaa, simu mezani, hela kamili. Mtu aliitwa huyo. Akafungwa macho akatembezwa. Na mwaka ule alikuwa anawazidi mafundi wenzake wote pale sokoni, foleni hadi barabarani, nani atafurahi? Huyo Mgebuka aliyemuona, kamuona nani? Aliangalia kivuli chake?

#17 Sina Haraka
Mchawi gani anakupeleka Kaliua ukashone suruali za wauza dagaa kwa mia tano? Huo uchawi una bajeti ndogo.

#18 Nesi wa Zamu
Jicho la Tatu, nakuheshimu ila ngoja niweke na hili. Ipo hali, ni nadra, mtu akielemewa sana akili inafunga mlango: anasahau yeye ni nani, anasafiri mbali, anaweza hata kuanza maisha kwa jina jingine bila kujua kwamba anadanganya. Kumbukumbu mara nyingi hurudi, wakati mwingine baada ya siku chache tu.

Na ukiacha hiyo, kuna sonona ya kawaida kabisa, ambayo wanaume wa hapa hawaisemi. Foleni hadi barabarani kwenu ni baraka. Muulize anayeshona saa 16 kwa siku mwezi mzima na kila mama anamwambia "mwanangu anafungua shule Jumatatu".

#19 Dogo wa Gungu
Nesi, kasahau jina lake lakini hajasahau kushona na kukata uzi kwa jino?

#20 Nesi wa Zamu
Ndiyo, inawezekana. Mkono una kumbukumbu yake. Lakini miaka 13 ni mingi sana kwa hali hiyo, na ule mguu uliosimama kwenye pedali unanisumbua. Sijasema ndiyo jibu.

#21 Ustadh wa Ujiji
Assalam aleykum. Mnajadili kana kwamba jambo hili ni geni, na lilitokea chini ya mwembe wa Ujiji mwaka 1871. Livingstone dunia nzima ilidhani kapotea au kafa. Stanley akatumwa na gazeti kumtafuta, akamkuta hapa, mgonjwa, kaishiwa. Akamwambia turudi. Mzee akakataa! Wakatembea pamoja hadi Kwihara pale Tabora, Machi 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki, Agosti akaelekea kusini, mwaka uliofuata akafa huko huko. Mtu kutafutwa ni jambo moja, kutaka kupatikana ni jambo jingine.

Na tamu zaidi, huyo mtafutaji hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Wales kwa jina John Rowlands, akakulia kwenye nyumba ya maskini, akakimbilia Marekani akiwa kijana, huko akajipa jina jipya. Aliyekimbia kwao ndiye aliyetumwa kumtafuta mwenzake.

#22 Bangwe Asilia
Ustadh leo umetisha. Tuongeze na Jane Goodall, 1960, miaka 26, kaacha Uingereza kaja Gombe kukaa na sokwe.

#23 Mama Lishe Mwandiga
Huyo alikuja na mama yake mzazi! Serikali ya wakati ule haikumkubalia binti akae porini peke yake. Ndiyo tofauti ya wanawake na wanaume, sisi hata tukiacha kila kitu tunambeba mama.

#24 Asali ya Sikonge
Mimi naona ni chai, tena sukari imezidi. Mleta uzi unajua simu ilikuwa wapi, kadi ya kura iko droo gani, hela zilihesabiwa zikawa kamili, marinda upande gani. Wewe ni muuza dagaa au ndiye uliyekuwa kwenye droo? Jibu hilo kwanza.

#25 Mama Lishe Mwandiga
Naunga mkono namba 24, ingawa simuiti muongo. Na tuko posti ya 25, hakuna aliyeuliza Mama Zuhura yuko wapi. Mmemuuliza Livingstone, mmemuuliza sokwe.

#26 Mgebuka Mkavu
Nilijua litafika hapa.

Mama Zuhura yupo. Wiki ile ile alikaa kwenye ile mashine. Alikuwa hajui hata kuvuta uzi wa bobini. Ile sketi ilikuwa ya mtoto wa watu na shule inafunguliwa, akashona upande wa pili wa marinda mwenyewe, yakaenda kombo, akayafumua, akarudia mara tatu. Mwenye mtoto akaipokea hivyo hivyo na akalipa. Leo ana vyerehani vinne na mabinti watatu anawafundisha. Zuhura amemaliza chuo.

Mwaka 2016 alikwenda mahakamani akapewa talaka kwa kutelekezwa. 2018 akaolewa tena.

Aliyemuoa ni kaka yangu mkubwa. Ndiyo maana nayajua ya kwenye droo, na ndiyo maana nimeuliza hapa na siyo nyumbani.

#27 Dogo wa Gungu
😳 Karanga zimeniganda kooni.

#28 Sina Haraka
Mgebuka, wewe kumbe ni dagaa, si yule samaki mgebuka. Mdogo halafu umejificha kwenye kundi.

#29 Mtemi wa Mitaani
Hapo nyamaza, mkuu. Mume akihesabiwa amekufa miaka saba, ndoa mpya ni halali, na huyo wa Kaliua ni marehemu kisheria. Marehemu hashoni suruali.

#30 Nusu Wakili
Mtemi, miaka saba umeitoa wapi? Sheria ya Ndoa yetu ya 1971 inasema mitano: mwenzi asiposikika kwa miaka mitano na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, anadhaniwa amefariki. Nayo ni dhana tu, akitokea inavunjika.

Ila kwa Mama Zuhura haihusiki. Kasema talaka kwa kutelekezwa. Hiyo ni njia nyingine, kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua mitatu ni moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Talaka ikishatoka imetoka, mume wa kwanza akifufuka leo hana mke pale. Kaka yako alale usingizi. Kilichobaki ni watoto na baba yao, na hilo si la mahakama.

#31 Asali ya Sikonge
Sawa, chai naifuta. Swali la mwisho: kaishije na jina jingine? Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole.

#32 Nusu Wakili
Angalia miaka. 2011 alikuwa na kadi ya kura tu, na kaiacha. Vitambulisho vya Taifa vilikuja baada ya hapo, na laini zisizosajiliwa kwa vidole zilianza kuzimwa Januari 2020. Mtu aliyefika kijijini 2011, akajitambulisha kwa jina jipya, mwenyekiti akamzoea, majirani wakamzoea, siku ya usajili anapeleka vidole vyake kwa jina hilo. Vidole vilikuwa havijawahi kuulizwa kabla. Sisemi ni sahihi, ni kosa. Nasema yawezekana.

#33 Sikupanda
Nimesoma kimya tangu jana. Nilifungua akaunti zamani, sijawahi kuandika.

Mimi niliondoka. Kwetu ni Kibondo. Nilikuwa mwalimu, mshahara pekee kwenye ukoo. Sikuwa na deni, sikurogwa, sikugombana na mke wangu. Simu ikilia nilikuwa nahesabu kabla ya kupokea: huyu ni ada, huyu ni msiba, huyu ni bati. Na wote walikuwa na haki, hapo ndipo pabaya. Ukidaiwa na mwizi utamchukia. Ukidaiwa na watu wema humchukii mtu, unajichoka mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa natoka Mwanza kwa mafunzo, nabadilisha treni Tabora. Mnaijua stesheni ya Tabora, treni zinaachana pale, ya Mwanza na ya Kigoma. Nikakaa benchi. Kulikuwa na mtoto anauza maembe kwenye ndoo, nikanunua mawili. Treni ya Kigoma ikapiga honi. Nikajiambia nimalize embe kwanza. Naapa hivyo tu. Haikuwa uamuzi, ilikuwa embe. Treni ikaondoka, mizigo yangu ikiwa ndani. Nikawa nimekaa pale na mikono inanata, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sijui mingapi hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua niko wapi. Nikalala usingizi pale pale benchi kama mtoto.

Nilikaa Tabora miaka minne. Nilipakia tumbaku, nilipasua mbao, nilichunga mizinga ya mtu. Jina sikubadili, niliacha tu kulitaja. Mtaniuliza, ulikuwa unafurahi? Mwezi wa kwanza ndiyo. Baadaye unaanza kuona kwamba kila mtu unayemzoea anauliza "kwenu wapi", na unadanganya vizuri zaidi kila mara, na unapodanganya vizuri ndipo unapoogopa.

Nilirudi 2013, baada ya kusikia kwa mpita njia kwamba mama amefariki. Miezi sita ilikuwa imepita. Mke wangu alifungua mlango, akaniangalia, akasema, "Maji ya kuoga yapo." Hajawahi kuniuliza. Huu mwaka wa 11 hajaniuliza. Kuna usiku natamani aniulize.

Mgebuka, ule mguu uliosimama kwenye pedali naujua. Sikuambii ufanye nini.

#34 Mama Lishe Mwandiga
Sikupanda, asante kwa kuandika.

#35 Binti Ulyankulu
Nimekusoma kaka. Bado sijui nimuonee huruma nani, ila nimekusoma.

#36 Jicho la Tatu
Embe aliuziwa na mtoto asiyemjua. Sisemi zaidi.

#37 Sina Haraka
Jicho, pumzika.

#38 Kamanda Uvinza
Mimi bado narudi kwenye mkasi. Huyu wa Tabora hakupanga, mizigo ilienda na treni. Baba Zuhura alibeba mkasi. Aliyebeba mkasi anajua anakwenda kufanya kazi. Alipanga.

#39 Vifungo Vinne
Mkasi ninao mimi.

Mimi ndiye yule kijana. Nilikuwa na miaka 15. Aliposema anaenda kununua vifungo, nilihesabu atachukua nusu saa. Nikauchukua mkasi nikaupeleka kwa shangazi, nikiwa na wazo nianze kujishonea mwenyewe. Nilidhani atafikiri kauacha kwa mteja. Nilirudi mbio. Nikamngoja. Saa sita, saa nane. Jioni watu wamejaa wanahesabu vitu, mmoja akasema "mkasi haupo", mwingine akasema "basi kapanga huyu, kaondoka na riziki yake". Nikanyamaza. Kesho yake nikashindwa zaidi. Baada ya wiki, kila mtu anasema kapanga, kapanga, na waliokuwa wanatafuta wakalegea, kwa sababu mtu aliyepanga hatafutwi kama mtu aliyepatwa na jambo.

Miaka 13 namuamkia Mama Zuhura barabarani. Mkasi sijawahi kuutumia hata siku moja. Uko kwenye gunia na majani ya chai ili usishike kutu.

#40 Dogo wa Gungu
Sina utani hapa.

#41 Nahodha Mstaafu
Kijana, ulikuwa mtoto. Lakini sasa una miaka 28.

#42 Bangwe Asilia
Kwa hiyo huenda alienda kununua vifungo kweli?

#43 Sina Haraka
Au alirudi mara moja, akakuta mkasi haupo na kijana hayupo, akaona leo ni siku mbaya, akageuza.

#44 Nesi wa Zamu
Au hakugusa mkasi kwa sababu hakuwa anajua anakwenda wapi. Ile hali niliyoitaja namba 18.

#45 Kamanda Uvinza
Yangu imekufa. Natafuta nyingine.

#46 Mgebuka Mkavu
Vifungo Vinne, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Jumamosi nina mnada. Kama uko tayari ulete mkasi stesheni Alhamisi, nitaupeleka niuweke kwenye meza yake bila kusema neno. Akiujua, ameujua.

Nyumbani bado sijasema. Kaka jana kaniuliza mbona sili.

#47 Mama Lishe Mwandiga
Mgebuka, kwa kuwa unakwenda, niletee asali lita tano, ile nyeusi. Hela nitakupa Jumatatu.

#48 Asali ya Sikonge
Ya Kaliua mnanunua ya nini? Njooni Sikonge.

#49 Mtemi wa Mitaani
Kimeanza.

#50 Mgebuka Mkavu
Wakuu nimerudi, niko Kibirizi.

Mnada ulikuwepo. Mwembe upo, meza ipo, kiti kipo. Cherehani hakuna, fundi hakuna. Muuza chai kaniambia amekwenda Inyonga kuzika, atarudi. Mwenye genge kasema amehama Jumapili ile ile, kodi kalipa hadi mwisho wa mwezi na nguo za watu kazimaliza zote, kampelekea kila mtu mlangoni. Mtoto mmoja kasema fundi ni mgonjwa yuko ndani, nikaenda, nyumba imefungwa kwa kufuli la nje.

Nilikaa pale kwenye kiti hadi jua likapinduka. Watu watatu walinijia na nguo wakidhani mimi ndiye fundi. Mkasi nimerudi nao.

#51 Dogo wa Gungu
Safari hii kabeba cherehani.

#52 Sina Haraka
Au vifungo viliisha.

#53 Mama Lishe Mwandiga
Mgebuka pole. Mwambie kaka yako leo leo, kabla hajaambiwa na anayesoma hapa. Na asali yangu umeleta?